Fremu Yenu ya Bluu Imekataa Kukatika

Kwa Mheshimiwa Meneja,
Kiwanda cha Mabomba ya Fremu za Baiskeli.

Mheshimiwa,

YAH: FREMU YENU KUKATAA KUKATIKA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa kwenye kiti kisichoyumba, bila shaka cha chuma chenu. Mimi ni mzima wa mwili tu. Ni fundi wa kuchomelea fremu za baiskeli, karakana yangu iko mtaa mmoja na zahanati, na nakuandikia kwa heshima zote kukujulisha kwamba mmeniharibia maisha.

Kabla hujaita mwanasheria, ngoja nieleze. Pale zahanati kuna mkunga. Alikuwa na baiskeli kuukuu ya bomba la kawaida, bomba la kiungwana, lililojua wajibu wake. Mwezi haukuisha kabla halijakatika pale chini ya tandiko. Kila mara mkunga aliikokota hadi kwangu, nikaichomelea, kisha akaketi kwenye benchi kungoja kiungo kipoe. Mimi simwagii chuma maji; kikipozwa kwa pupa hukakamaa, kikapasuka tena. Kinaachwa kipoe chenyewe, taratibu, na fundi na mkunga wanakunywa chai. Miaka yote hiyo nilikuwa na neno moja la kumwambia. Kila nikikohoa ili nilianze, chuma kimeshapoa, naye anashukuru, anapanda, huyoo. Sikuwa na wasiwasi. Nilijua mwezi ujao itakatika.

Sasa zahanati imempa baiskeli yenye fremu yenu ya bluu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Haikatiki. Nimeliandika hili kwanza kwa kuwa ndilo kubwa. Kibandiko kinasema mabomba yake ni chuma cha pua kilichochanganywa na kromu na molibdeni. Hongereni sana. Hivi chuma cha pua peke yake kiliwakosea nini, hata mkakiletea wageni wawili ambao mtaani kwetu hakuna anayewajua?

2. Bomba lenyewe ni la kijanja. Nililigonga kwa kidole siku moja mkunga alipoegesha baiskeli sokoni (usidhani nilimfuata, nilikuwa napita tu, ingawa si njia yangu). Ni nene kwenye ncha, pale linapoungwa, na jembamba katikati. Yaani pale hasa ninapopatia riziki, ndipo mlipoongeza nyama! Huo si ufundi, Mheshimiwa. Huo ni uadui.

3. Benchi. Siku hizi limekaliwa na jirani yangu fundi cherehani, ambaye hana baiskeli, hana haja, na chai yangu anaitia sukari kana kwamba kesho inapigwa marufuku. Anasema amekuja kunifariji. Dada yangu mkubwa naye amekuja kuniambia kwamba mwanamume mzima anayengoja bomba likatike ndipo afungue mdomo, tatizo lake si bomba. Namheshimu, ni dada yangu, lakini mambo ya madini hayajui.

4. Shimo mbele ya karakana yangu. Sisemi nani alilichimba. Muuza maji alivunjia mkokoteni humo, muuza mkaa akapinda rimu, na fundi cherehani akateguka kifundo hali anatembea kwa miguu yake mwenyewe. Mkunga akapita juu yake kwa kasi, akapiga kengele, akanipungia mkono, akaenda zake. Hata rangi haikuchubuka. Nimelifukia kwa hasira.

5. Hili sasa ni la jamii nzima. Zamani mkunga alichelewa, na watoto wa mtaa huu walijifunza subira tangu tumboni. Siku hizi anafika hata maji hayajachemka. Mtoto hajakaa sawa, tayari yuko duniani! Tunalea kizazi chenye papara, na papara hiyo mmeichanganya nyinyi kwenye tanuru lenu. Mbele ya safari sote tutapanda baiskeli zisizokatika, kila mtu atafika aendako bila kusimama, hakuna atakayekaa kwenye benchi la mwenzake, hakuna atakayeoa wala kuolewa, hakuna atakayezaliwa, na mkunga mwenyewe atakosa kazi. Hiyo baiskeli yenu ataipanda kwenda wapi? Mmefikiria, Mheshimiwa, au mnayeyusha tu?

Sitaki mfunge kiwanda. Mimi si mtu mbaya. Naomba fremu moja tu, bluu ileile, isiyo na kromu wala huyo mwenzake, mmpelekee mkunga mkisema ni zawadi. Ikatike chini ya tandiko. Sitaki aumie, Mungu apishe mbali. Ikatike kwa adabu, mbele ya karakana yangu, akiwa ameshashuka, siku ambayo hakuna mjamzito anayemngoja. Wataalamu wenu hawawezi kushindwa na jambo dogo kama hilo. Nimemkumbuka, Mheshimiwa. Basi, nimeshasema.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako na watoto, mlinzi wa getini, wote wanaounda mabomba, hata mpishi wa kantini. Aliyebuni huo mchanganyiko mpe salamu pia, ila mkono usimkazie.

Ndimi wako, ambaye moto wake umezimika,
Fundi wa Mtaa wa Zahanati.

Nyongeza: Tafadhali hesabu kwamba barua hii haikuandikwa. Nilikuwa natafuta bahasha, mara mkunga akaingia, anaikokota ile ya bluu, uso ameukunja. Ameniuliza kama namjua mtu yeyote kiwandani kwenu, kwani ana malalamiko. Kumbe ile baiskeli ya zamani haikuwa ikikatika yenyewe! Alikuwa akiiteremsha kwenye ngazi za nyuma za zahanati, amepakia gunia la mchanga. Hii yenu ameiteremsha vilevile tangu aipate. Ngazi mbili zimemeguka, fremu haina habari. Amechoka, na ameniuliza, mbele ya fundi cherehani, kama kwangu mtu hawezi kukaribishwa mpaka avunje kitu.

Neno nimelisema. Nililikosea katikati, nikaanza upya, naye akaningoja. Kwa hiyo msiguse mchanganyiko, hata chembe. Badala yake naomba bomba moja la ziada, la chuma kilekile, niunde karia ya nyuma ya kubeba mtu mzima mwenye kitambi, kwani mkunga amesema anayeendesha ni yeye. Naishia hapa, chai iko tayari. Hakuna chuma kinachopoa humu ndani leo, lakini bado amekaa kwenye benchi.