Gogo la Samaki wa Bwana Nitin

Jumatatu, 3 Machi
Bwana Nitin kaweka tangi la kioo dukani, samaki ndani! Geita nzima inachungulia. Anataka gogo la kulipamba, kama aliloliona kwenye simu. Atakayeleta gogo zuri Jumamosi ndiye mtunza samaki: kiti, feni, na kwaheri kubeba saruji. Donatus, mbebaji mwenzangu, eti naye atajaribu. Kwa mgongo ule mbovu?

Jumanne, 4 Machi
Nimeokota gogo ufukweni Nungwe. Zuri ajabu! Limelambwa na ziwa mpaka likang'aa, upande mmoja mizizi imejikunjakunja. Mama Urvi, mke wa tajiri wetu Nitin, kaniagiza nilichemshe nikibadili maji mpaka yatoke meupe, la sivyo litachafua tangi, na tena litaelea. Nimechukua sufuria kubwa la mke wangu, Paskazia. Sikumuuliza. Yuko Ushirombo kwa dada yake.

Jumatano, 5 Machi
Maji mekundu kama chai ya rangi. Jirani, Mama Scolastika, kaja kusalimia, akakaa, akauliza mizizi hii inatibu nini. Nikamwambia ni ya samaki. Akacheka sana, akasema hata babu yake, mganga, hakuwahi kumtajia mtu dawa zake. Akarudi na kikombe. Jioni akatangaza mtaa mzima kuwa magoti yamelainika. Mungu wangu! Ukichemsha mizizi uani kutwa nzima, nani atakuamini habari za samaki?

Alhamisi, 6 Machi
Foleni! Mzee Masalu kaja na jogoo. Nikakataa. Akasisitiza. Nikapokea, kwa heshima tu. Ila shida ipo: wagonjwa wanataka maji mekundu, tajiri anataka meupe. Nikaacha kubadili maji. Yakapauka hivyo hivyo, kwa kuongezwaongezwa. Nikapasua gogo kidogo ili yakolee. Kidogo tu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepasua tena. Limebaki pande moja laini, na kile kisiki cha mizizi kilichoshinda shoka. Nani kaja jioni, kichwa chini? Donatus! Mgongo. Nilivyofurahi! Nikamtwika kisiki, nikamwamuru akichemshe, anywe kikombe, abadili maji, achemshe tena, na asithubutu kulala mpaka yatoke meupe. Akome! Kaondoka akinishukuru.

Jumamosi, 8 Machi
Aibu. Pande langu likaelea kama bata, maji yakageuka chai, samaki wakakimbiziwa kwenye ndoo. Ndipo akaingia Donatus, macho mekundu, na kisiki begani. Safi! Maji yakabadilishwa, kikazama taratibu mpaka chini, samaki wakarudishwa, wakajipenyeza kwenye mizizi kama kwao. Mama Urvi akapiga makofi. Nikapiga kelele kwamba kisiki ni changu. Donatus akakubali! Akawaambia wateja wote kuwa mimi ndiye mganga wake, na mgongo umepona. Akapewa kiti. Wateja wakaniuliza naishi wapi.

Jumapili, 9 Machi
Paskazia karudi. Kaliona sufuria. Jogoo kamrudisha kwa Mzee Masalu, mimi nimenyimwa ugali. Kesho saruji, na Donatus atanitazama kutoka kwenye feni. Inauma, sifichi. Lakini nimekaa nikafikiri, na kosa nimeliona: sufuria lilikuwa dogo. Kanisani kuna kubwa zaidi, la kupikia pilau ya sikukuu. Ufunguo wa stoo anao Paskazia, mpishi wa sikukuu hizo. Amelala.