Vita vya Jina la Wandirufe

Sogezeni viti, enyi wenye masikio mapana na ndimi zisizojua likizo, mpate habari za Wifi Mpya, Simba-jike wa Beseni, Mmwaga-Povu, aliyeingia peke yake katika vita vya jina akatoka na taji!

Saluni ilikuwa ya mawifi zake wawili, Dada Mkubwa na Dada Kitana, malkia wa lugha waliyoitunga wenyewe ili wamsengenye mteja papo hapo wakimsuka, naye akitabasamu kwenye kioo. Walinena, walicheka, walipigana vikumbo. Na Wifi Mpya, mke wa kaka yao, akaosha vichwa kimya kama maji mtungini. Maana sheria ya taifa lile la watu wawili ilikuwa kali: hafundishwi lugha mtu asiyeweza kueleza asili ya jina walilojiita, Wandirufe.

Jioni moja, mteja wa mwisho alipotoka, shujaa alibwaga taulo sakafuni.

"Mawifi zangu! Leo niulizeni jina!"

"Makubwa!" akanguruma Dada Mkubwa. "Wandirufe ni majemedari wa kitana, tangu enzi za mababu!"

"Mababu gani, dada? Si tulilitunga jina juzijuzi tu, umeme ulipokatika?" akajibu Dada Kitana. "Wandirufe ni wasiochoka."

"Wewe usiyechoka? Nani alisinzia na kichwa cha mtu mkononi?"

Malkia wakatunishiana vifua, chupa za mafuta zikatetemeka rafuni. Na ikadhihirika kwamba waliolizaa jina wamelisahau!

Ndipo Wifi Mpya akapanda juu ya kigoda, povu likimtiririka kiwikoni.

"Nisikilizeni! Humu nimekuwa na masikio, sina ulimi. Neno *ndirufe* mnalitamka wakati mmoja tu: mteja akishatoka na mlango ukafungwa. Hapo mnavua viatu, na umbea unaanza. Wandirufe ni wanaobaki mlango ukifungwa! Sasa niambieni, mawifi: mlango ukifungwa, mimi huwa wapi?"

Wakatazama mlango. Wakatazama kigoda.

"Humu humu," Dada Mkubwa akasema taratibu. "Haya, shuka, mke wetu. Vua viatu."

Hivyo ndivyo taifa la watu wawili lilivyopata wa tatu, ushindi ambao hakuna mfalme aliyewahi kuupata kwa beseni. Na neno la kwanza alilofunzwa shujaa lilikuwa jina wanalomwita mumewe, akacheka mpaka jirani akagonga ukuta.