Kalenda ya Bi Shamshad

Siku harusi mbili zilipogongana getini kwa Bi Shamshad, mwenye ukumbi pale Usagara, kila moja na matarumbeta yake, watu walishika vichwa. Tadeo alishika sahani. Alialikwa na upande gani? Hilo tuliache.

Alipokuwa akitafuna ndipo akaiona riziki yake. Mzee Abrahamu, katekista wa Mabawa, alikwisha tamka: sherehe ukumbini, la sivyo binti yake Imakulata haolewi. Tadeo alimpenda Imakulata kwa dhati, na huenda hakuwahi kufanya kingine chochote kwa dhati. Mfukoni alikuwa na maneno tu.

Kesho yake akatinga ofisini kwa Bi Shamshad, tai shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umefuata pilau iliyobaki?"

"Nimekuja kukuokoa. Hiyo kompyuta unaifanyia nini?"

"Nachezea karata."

Tadeo alisikitika mpaka akavua kofia. "Mama, kalenda za kompyuta ziko nyingi. Nyingine bila intaneti hazifunguki. Nyingine lazima ujisajili, siri za wateja wako zikalale ughaibuni. Wewe chukua inayojitegemea. Inakaa humuhumu kwenye mashine, bando likiisha haina habari, na siku iliyochukuliwa unaiona imepakwa rangi."

Programu yenyewe ilikuwa huria, ya kila mja wa Mungu, na yeyote anaipakua bure. Tadeo aliiita mali adimu. Ilipofunguka likajitokeza dirisha la Kiingereza. Alitaka kulifunga haraka, Bi Shamshad akamzuia mkono, akavaa miwani, akasoma polepole.

"Hapa wanasemaje?"

"Wanakusalimia tu, mama."

"Wana adabu kweli. Na wewe unataka nini?"

"Sitaki hata senti. Nipe ukumbi siku moja, nioe."

Bi Shamshad akamtuma chai, akabaki na kalenda kuingiza harusi zake. Tadeo aliporudi, Januari ilikuwa imejaa rangi, Aprili vilevile. Katikati, Jumamosi zote nyeupe!

"Chagua," alisema mama. "Ila ukichagua, hatubadilishi."

Tadeo alimwonea huruma bibi wa watu asiyejua thamani ya mali yake. Akadonoa Jumamosi ya kwanza ya Machi, wakatiliana sahihi.

Jioni akaingia Mabawa kwa madaha. Mzee Abrahamu alipoisikia tarehe, alisimama.

"Kwaresima? Binti wa katekista achezewe ngoma katikati ya mfungo?"

Tadeo, ambaye kanisani alionekana Krismasi kwa Krismasi, alikosa pa kuuweka uso. Tena mwaka huo Kwaresima na Ramadhani zilianza siku moja. Kuanzia Pangani hadi Mkinga hapakuwa na wa kuoa.

Akarudi Usagara mbio.

"Mama, umenipa siku isiyo na mteja!"

"Na wewe umenipa programu isiyouzwa; ile salamu ya Kiingereza niliisoma. Bure kwa bure, nani kamdhulumu mwenzake?"

Tadeo alifungua mdomo kutafuta uongo, akaukosa. "Mama, nampenda yule binti," alisema, na machozi yakamlengalenga.

Bi Shamshad akaigeukia kompyuta, akabonyeza. Jumamosi moja ya baada ya Pasaka ikageuka nyeupe.

"Hiyo haikuwa na mtu. Niliipaka rangi wewe ulipofuata chai. Ni yako, ukinioshea viti vyote vya ukumbi."

Tadeo alivua tai, akauliza ndoo iko wapi.