Mavyaa, Simama Hapo Hapo

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimejiandikisha!

Tulikuwa tunatoka kwenye mwani, magunia kichwani, tukamkuta Bwana Mudathir, afisa wa mashindano kutoka Tanga mjini, kasimama pwani na kipaza sauti. Jumamosi kutakuwa na mbio za kuogelea baharini, za wanawake, za kwanza hapa Kigombe. Atakayetangulia atapewa kazi ya kufundisha watoto wa shule kuogelea. Kazi yenyewe ni hapo hapo mchangani. Mwenye mtoto mchanga anaweza kumlaza kwenye mkeka, akamwona.

Rama wangu ana miezi minane. Nikienda mwani anabaki kwa mavyaa, mama mkwe wangu, mpaka maji yajae. Jana nilirudi nikanyoosha mikono kumpokea, yeye akamkumbatia bibi yake shingoni, akageuza uso. Nilicheka mbele za watu. Jikoni nikalia, nikasingizia kitunguu. Hatukuwa na kitunguu.

Bwana Mudathir kauliza kama nina uzoefu wa kina kirefu. Nimemwambia mimi hata papa wananiamkia. Kaandika.

Kweli kuogelea najua. Ila ni pale ambapo ukichoka unasimama.

Jumanne, 7 Oktoba

Balaa. Wifi Sabiha naye kajiandikisha! Anasema anataka kuniunga mkono. Tangu niolewe hajaniunga mkono hata kwenye kuosha sufuria. Kazi ile anaitaka yeye, kachoka kuuza samaki juani. Na ana pumzi! Akiita wateja sokoni anasikika mpaka barabara kuu.

Nimefanya mazoezi kwa akili. Sisi wa mwani tunafunga chupa tupu kwenye kamba ili zielee. Nikasema kama chupa zinabeba mwani, zitanibeba na mimi. Nimefunga chupa nne kiunoni, ndani ya kanga, nikaingia majini.

Chupa zikapanda mgongoni. Nikageuzwa kifudifudi, makalio juu, kichwa chini. Nimekunywa bahari nusu. Kuinuka, nani kasimama ukingoni? Wifi. Kauliza natafuta nini huko chini. Nikasema pete. Kasema pole wifi, mbona pete yako iko kidoleni.

Jumatano, 8 Oktoba

Baba Rama kajitolea kuwa mwalimu wangu. Mume wangu ni bodaboda, na maji yakimfika magotini anasoma dua. Kanilaza kifudifudi kwenye benchi uani, nipige mikono na miguu, yeye anahesabu huku anakula muhogo. Anasema kosa langu ni breki. Jirani wamekuja kutazama.

Mavyaa kagoma kabisa. Kasema mwanamke anayenyonyesha akikaa baharini maziwa yanaingia chumvi, mtoto atakuwa na kiu mpaka aoe. Nimemwambia, Mama, mwani nao si baharini? Kasema mwani ni kazi, hii ni michezo. Chumvi yake si moja.

Magharibi kaja na bakuli la uji wa pilipili manga, kama ule alioninywesha siku arobaini za uzazi. Kaweka chini. Kasema umebaki, hapendi kumwaga. Uji wa moto kabisa, umejaa pomoni. Umebaki wapi?

Nimekunywa wote.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata mpango! Huu wa leo hauna chupa.

Tutapelekwa kwa mashua mbali, turudi kwa kuogelea mpaka kwenye bendera. Sasa ukiwa majini kichwa kiko chini, bendera utaionaje? Wengi watapotea. Lakini mimi ni mtoto wa mvuvi. Marehemu baba alikuwa akichukua alama: anatazama vitu viwili vya nchi kavu, kimoja mbele ya kingine. Vikikaa mstari mmoja, upo njiani. Vikiachana, mkondo umekuchukua, rudi.

Alama yangu ya nyuma ni mnara wa msikiti. Ya mbele ni mavyaa. Atasimama kwenye bendera na kanga yake ya njano, Rama mkononi. Nikimaliza tu, nanyonyesha. Wifi hatajua siri.

Baba Rama kanitazama sana. Kasema wenzako wanachukua minazi, wewe unamchukua mama yangu. Nikamwambia mnazi hauna kanga ya njano. Nimemshinda.

Ijumaa, 10 Oktoba

Baada ya sala nimempeleka mavyaa pwani kwa majaribio. Nimemchorea duara mchangani asimame. Kauliza kama yeye ni mwali anayechezwa ngoma. Nikamwambia, Mama, nakuomba, simama hapo hapo, usitoke. Kasema yeye kasimama kwenye harusi yangu saa tatu nzima na viatu vya kuazima, mchanga utamshinda?

Nimemnunulia vitumbua. Nalala na amani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Naandika na mabega yanauma hata kushika kalamu.

Tumeingia mashuani asubuhi, maji yamejaa. Wanawake kumi na kitu, kila mtu na skintaiti na kilemba. Alikuwepo dada mmoja, Dorkasi, wa kule mashamba ya mkonge, mpole, hasemi na mtu. Nilimwonea huruma. Nikasema maskini, huyu bahari ataiona leo.

Filimbi! Nikaruka. Chini hapana chini! Nikanyoosha mguu kutafuta mchanga kwa mazoea, mguu ukaenda, ukaenda. Nikamtaja Mungu kwa majina yote niyajuayo. Halafu nikainua kichwa, nikaiona: mnara, na mbele yake nukta ya njano. Mavyaa! Na katika ile njano, mwanangu. Woga ukaniisha. Nikapiga mikono.

Nikainua kichwa tena. Njano imehama, iko kulia kwa mnara. Nikasema mkondo huo, unanichukua! Nikakaza kwenda kulia mpaka vikakaa sawa. Baada ya kidogo, vimeachana tena. Mkondo gani huu! Nikakaza tena. Nyuma nasikia mtu anahema. Ni wifi, kaniganda miguuni. Nikajua kashagundua kwamba mwenye njia ni mimi. Kwa kweli nilijivuna.

Wengine siwaoni. Nikasema tumewaacha mbali sana.

Miguu ikagusa mchanga. Nimetoka mbio, nimenyanyua mikono juu, nimepiga kigelegele mwenyewe. Mbele yangu karai la mafuta linachemka. Kijana mkaanga samaki kaniuliza nataka changu au tasi.

Nilikuwa sokoni! Bendera ziko kule mbali, zinapepea bila mimi.

Mavyaa kaketi chini ya banda, anapepea mtoto kwa upindo wa kanga. Kasema jua lilimpiga Rama machoni, akasogea kivulini. Kivuli kikaisha, akasogea tena. Nikamwambia, Mama, nilikuomba usitoke! Kasema kwani ulitaka nikuanikie mwanao awe samaki ng'onda?

Wifi kafika, anatapika maji, anauliza wenzetu wako wapi. Nimemwambia ukweli wote, alama na mavyaa. Kakaa chini. Nilidhani ananilaani, kumbe anacheka, anacheka mpaka machozi, akamlalia mama yake magotini. Kasema yeye mpango wake ulikuwa anifuate mpaka mwisho, halafu anipite.

Rama kaniona na kilemba kinavuja maji, kapiga ukelele, hanitambui. Nikamchukua hivyo hivyo. Kalilamba bega langu, chumvi, kakunja uso. Kalilamba tena. Halafu kanyonya kimya kimya, macho hayaniachi hata kidogo. Kaninyonya mimi, na chumvi yangu. Mavyaa kaangalia pembeni.

Bwana Mudathir kaja anakimbia. Kasema hawezi kufunga mashindano, watu wawili hawajahesabiwa, na mwisho ni kwenye bendera, kwa njia ya maji. Basi tumerudi majini, mimi na wifi, sambamba, tunatukanana ili tusizame. Tulipokaribia kamba ya mwisho nikamwambia tuguse pamoja. Kakubali. Kisha kachomoka! Yeye wa pili kutoka mwisho. Mimi wa mwisho.

Wa kwanza ni Dorkasi. Kumbe kakulia kwenye bwawa la shamba la mkonge. Kazi kapata yeye.

Usiku huu nimemwekea Rama kidole mkononi, kakishika. Kesho kutwa mwani tena.

Jumapili, 12 Oktoba

Dorkasi kaja hapa nyumbani! Kamwamkia mavyaa, kakaa mkekani, kanywa chai. Kasema kazi anaanza, lakini akina mama wa hapa wanaogopa kumpa watoto, hawamjui. Anataka msaidizi mzaliwa wa Kigombe, ambaye watoto wamemzoea. Bwana Mudathir kamkubalia. Kaniambia niende, na mtoto niende naye.

Nilikubali kabla hajamaliza. Nimeangusha kikombe.

Kasema kuna jaribio moja tu, Jumatano. Msaidizi lazima apige mbizi mpaka chini, atoe kitu, ili ajulikane kwamba mtoto akizama anaweza kumtoa. Kauliza kama mbizi najua. Akasema kama sijui nisione haya, atanifundisha kesho na kesho kutwa, pole pole, bure. Macho yake ya kweli kabisa.

Nimemwambia dada, mimi mbizi nimezaliwa nayo.

Kichwa changu sijawahi kukizamisha kwa hiari. Lakini mpango ninao. Nimeuliza kwa ujanja, nikaambiwa kitu chenyewe ni tofali jekundu. Tofali jekundu! Lipo moja nyuma ya choo, limefanana kama pacha. Nitalifunga tumboni ndani ya dera, niingie majini nikiwa nalo, nizame kidogo, niibuke nalo. Nani atajua?

Nimelijaribu hapa uani. Halionekani kabisa. Linanivuta tu kidogo kwenda chini.