Ombi la Kulifunga Jina la Boke

Kwa Baba Mkwe, Mzee Simioni,
Nyansurura.

Shikamoo Baba,

Natumaini wewe, Mama na ng'ombe hamjambo. Kwa kuwa mila zenu hazimruhusu mkamwana kusimama mbele ya baba mkwe na kupaza sauti, nimeona nipaze kwa maandishi. Mwanao Emanueli ameniambia umeagiza kwamba mtoto ninayemtarajia, akiwa wa kike, aitwe Boke, jina la marehemu mama yako. Nashukuru sana kwa heshima hiyo. Naikataa kwa sababu zifuatazo.

1. Kama ujuavyo, nikitoka kufundisha nauza mablanketi na gambuti kwa simu hapa Nyamisangura. Nilinunua programu ya kufuatilia oda na mali iliyomo stoo, nayo humtambua mteja, na kumtumia ujumbe, kwa jina lake. Kwetu Bukoba ingefanya kazi vizuri tu. Hapa imewakusanya Boke wote wa ukoo wako ikawafanya mteja mmoja mwenye namba nyingi za simu. Mteja huyo anaishi Nyangoto, Sirari na Tarime mjini kwa wakati mmoja, anavaa gambuti za kila saizi, na ndiye mteja wangu bora wa mwaka.

2. Boke wa Nyangoto aliagiza blanketi jekundu. Gidion wa bodaboda alifika, akauliza Boke ni nani. Akatoka Boke wa nyumba ya jirani, akamwambia, "Mura, kijana wangu, si ndiyo mimi? Leta hapa." Simu ikaandika: mzigo umepokelewa na Boke. Nimeitafuta kasoro katika sentensi hiyo, sijaiona.

3. Nilipokwenda kulidai, mpokeaji alinieleza kwa upole kuwa yeye na mwenzake wamebeba jina la bibi mmoja, kwa hiyo ni mtu mmoja, na mtu hawezi kujiibia. Mwagizaji alikubaliana naye kabisa. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi, wakataka blanketi la pili. Baba, nilikasirika mpaka mtoto akapiga teke.

4. Boke mwingine alimkabidhi Gidion gambuti zilizotoboka, zirudishwe dukani. Hakununua yeye, alinunua mwenzake, lakini hoja hiyo sasa unaifahamu. Gidion akabonyeza "umerudi", na programu ikahesabu jozi mpya. Mwalimu mwenzangu Laurian akaiagiza kwa kuiamini simu. Nilipofungua stoo nikakuta hizo tu, na kwa kuwa alikuwa amesimama mlangoni, naye akaziona. Hatusalimiani.

5. Wewe mwenyewe, Baba, ng'ombe wako wamevishwa hereni zenye namba, na sijasikia hata mmoja akijibu kwa niaba ya mwenzake. Sisemi binadamu watobolewe masikio. Boke wote tayari wana hereni. Kilichobaki ni kuandika namba.

Kwa hiyo naomba kikao cha ukoo kiamue kwamba jina la Boke lifungwe kwa wazaliwa wapya mpaka stoo yangu itulie. Waliopo waanzie Boke wa Kwanza kwa kufuata umri, na marehemu, kwa heshima yake, abaki sifuri. Mtoto wangu aitwe Teresia, jina ambalo programu haijawahi kulisikia. Mkikataa, nitakwenda kujifungulia kwa mama yangu Bukoba, na mtoto ataandikishwa huko kabla habari hazijawafikia. Naumia kusema hivyo, maana nampenda Emanueli, na najua itamgawa katikati.

Nisalimie Mama, shangazi Rhobi, majirani, na Boke yeyote atakayekuwa karibu. Salamu zitakuwa zimewafikia wote.

Ni mimi mkamwana wako mtiifu,
Honoratha

Nyongeza: Baba, kabla sijaituma barua hii uchungu ulinishika ghafla, niko peke yangu, Emanueli yuko kazini Musoma. Nilishika simu, programu ikiwa wazi, nikamwandikia Boke wa mtaa wetu: "Njoo haraka, nakufa." Programu ikaupeleka ujumbe kwa Boke wote. Na wote wakaja, wengine kwa bodaboda, wengine kwa miguu, mmoja akiwa na unga wa ugali mikononi. Walinibeba mpaka hospitali. Nilipotoka damu nyingi na muuguzi akauliza nani atanichangia, wakasimama pamoja.

Mjukuu wako ni wa kike, mzima, na ana sauti kubwa. Nimewauliza ni nani kati yao ambaye damu yake ilinifaa, nipate kumshukuru. Wanacheka tu, wanasema ametoa Boke. Basi nimemwandikisha mtoto jina hilo kwa mkono wangu mwenyewe, maana sina njia nyingine ya kumshukuru.