Damu ya Somo Wangu

Jumatatu, 16 Juni 2025. Kitangari.
Aibu! Jana kwenye mazoezi ya unyago joto lilinipanda katikati ya wimbo. Jasho chapachapa. Nikaacha ngoma, nikakimbilia mtungi. Mimi, kungwi wa miaka ishirini! Hajira, kungwi mwenzangu, akaumalizia wimbo huku anatabasamu. Anataka kuongoza yeye. Hataongoza, nasema hataongoza!

Jumanne, 17 Juni.
Nimekwenda Newala. Daktari kasema hedhi ikikoma joto hili ni kawaida, na dawa za homoni zipo. Ila kwanza vipimo. Presha safi. Alhamisi nirudi bila kula, nipimwe lehemu, yaani mafuta kwenye damu. Mafuta! Mimi wa kilo tisini, mla korosho asubuhi na jioni! Nitanyimwa.

Jumatano, 18 Juni.
Nimepata njia. Somo wangu! Jina moja, tulichezwa unyago siku moja, naye mwembamba kama ufito. Aende na kadi yangu maabara, daktari hatamwona. Kadi inasema Rahima, naye ni Rahima. Uongo uko wapi? Alisita. Nikamwambia somo hamnyimi somo. Akakubali.

Alhamisi, 19 Juni.
Somo karudi analia, na cheti cha daktari mkononi. Lehemu iko juu mno! Homoni zisubiri, aanze dawa ya kuishusha. Yule ufito! Nilimfokea kwa kuniharibia. Kisha akili ikanijia. Ni damu yake, si yangu. Niliona haya sana.

Ijumaa, 20 Juni.
Tumekwenda wote wawili, nikakiri. Daktari kanisema mbele ya foleni nzima, ati ningetibiwa kwa damu ya mwenzangu na yeye asijue anaumwa. Somo kafunguliwa kadi yake, kapewa dawa. Mimi nikatolewa damu.

Jumamosi, 21 Juni.
Majibu: lehemu yangu sawasawa! Na korosho zangu zote! Nimepewa homoni na tarehe ya kurudi. Nimeapa, hila basi.

Jumapili, 22 Juni.
Hajira kaja. Kaniamkia shikamoo Mama Sharifu, mara mbili, kwa kupiga magoti. Kumbe naye joto linamchoma, anaficha tu. Anataka dawa, anaogopa kipimo. Sifa za damu yangu zimefika hadi kijiji cha Mkunya. Ati nikapimwe kwa jina lake, naye ataniachia ngoma moja kwa moja. Nilifikiri mpaka chai ikapoa. Daktari ananijua sura. Si neno, nitajitanda kanga mpaka puani.
Kesho asubuhi sili kitu. Naitwa Hajira.