Hopitali Iliyonipokea na Henia Ikanitoa na Mtoto

Uvira, Machi 1997

Kwa Mheshimiwa Hakimu,

Kwa heshima zote, mimi Sylvestre, fundi cherehani wa Kalundu, mwanamume asiye na mke wala haraka ya kumpata, ninaishitaki hopitali ya hisani ya masista kwa uzembe. Niliingia pale na henia. Nilitoka na mtoto.

Nyuzi za operesheni zilikuwa bado mbichi risasi zilipoanza kulia mjini, na wagonjwa tukaambiwa tukimbie. Langoni, muuguzi mmoja, infirmière Generose, aliniwekea mikononi mtoto mchanga ambaye mama yake alifariki akimzaa. “Papa, mumushike kidogo, niko narudi,” akasema, akakimbilia ndani kutafuta wengine. Hakurudi. Kwa hiyo ninalalamika:

1. Nilikimbia na mtoto huyo kuelekea Baraka, na kidonda kikafunguka. Kila mtu alinipita, hata bibi mmoja aliyebeba mbuzi.

2. Sikupewa maelekezo, ilhali hata dawa ya minyoo hutolewa na maelekezo. Nilimpa uji wa muhogo, akanitapikia. Ikabidi nizunguke kambi ya wakimbizi huko Baraka nikiwaomba wanawake wamnyonyeshe, mimi ninayeona haya kuazima sindano.

3. Nimeharibiwa jina. Tangu nirudi Kalundu, wateja wananiita Mama Keza. Keza nilimwita kwa muda tu, maana huwezi kumbembeleza mtu usiyejua anaitwa nani.

4. Silali. Koti la katekista nimelishona mfuko ukiwa mgongoni. Analivaa hivyo hivyo, kwa kunihurumia.

Directeur wa hopitali amenijibu kwamba hopitali inayotibu bure haishitakiwi. Mimi nasema anayetoa bure naye ana wajibu wa kutazama anampa nani. Mheshimiwa, ushahidi mkubwa wa uzembe ni mimi mwenyewe. Siku ile langoni nilikuwa nimeshika suruali kwa mkono mmoja, nalia. Mtu makini asingenikabidhi hata kuku.

Naomba hopitali ilaumiwe hadharani na irekebishe kosa lake.

Wasalimieni makarani wote na watu wa nyumbani kwenu.

Mlalamikaji wenu mnyenyekevu,
Sylvestre

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Directeur ametuma mjumbe. Amekubali kosa lote, na kesho gari litakuja kumchukua mtoto kumpeleka kwenye kituo cha yatima, Bukavu. Mheshimiwa, nimefikiri upya. Generose alinitazama vizuri sana kabla ya kunipa. Hopitali haina kosa hata moja. Tafadhali andikeni hivyo, mtie muhuri, na karatasi hiyo inifikie kabla ya gari.